Ufundi wa Kusoma Makovu

Mwishoni mwa mwaka 2009, watafiti wa Taasisi ya Sanger iliyopo Hinxton, kijiji kilicho nje kidogo ya Cambridge nchini Uingereza, walitoa hesabu iliyonishika siku nilipoisoma na haijaniachia mpaka leo. Walikuwa wamechukua seli za saratani ya mapafu ya mtu mmoja, wakasoma DNA yake yote herufi kwa herufi, wakailinganisha na DNA ya seli zake zisizo na ugonjwa. Herufi 22,910 zilikuwa zimebadilika. Nyingi zilibadilika kwa namna inayojulikana kuwa ya kemikali za moshi wa tumbaku. Wakayapima mabadiliko hayo kwa sigara ambazo mvutaji huvuta mpaka kuugua, na jibu likaja hivi: kwa wastani, kila sigara 15 huacha badiliko moja la kudumu ndani ya seli.

Weka kipande cha uvimbe huo chini ya hadubini, utaona seli zilizoharibika umbo, viini vilivyovimba, mpangilio uliovurugika. Sigara huzioni. Zimeonekana kwa sababu mtu alikaa mbele ya kompyuta akahesabu, akapanga, akatilia shaka alichokihesabu, akahesabu tena. Kwetu Afrika Mashariki, saratani inapozungumzwa tunamtaja daktari wa upasuaji, muuguzi wa wodi, mtaalamu wa mashine ya mionzi, na jamaa waliouza ng'ombe ili mgonjwa afike hospitali. Wote wanastahili kutajwa. Mimi leo nataka kumsifu yule mhesabu, maana ufundi wake ni mkubwa na ni wachache wanaojua hata kwamba upo.

Msingi wa kazi yake ni huu. Jenomu ya binadamu ni maandishi ya herufi nne tu, A, C, G na T, zinazojirudia kwa mpangilio wa urefu wa herufi bilioni 3 hivi, na karibu kila seli ya mwili hubeba nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Maisha huyachakaza maandishi hayo. Kila kinachoyachakaza kina tabia yake. Mionzi ya jua hupenda kupiga pale C ilipokaa jirani na C au T nyingine, ikaigeuza C kuwa T. Sumukuvu ya kwenye mahindi na karanga, ikishapita kwenye ini na kubadilishwa humo, huing'ang'ania G, na seli inapojinakili G hiyo husomwa vibaya na mahali pake pakakaa T. Hata mwili hujiumiza wenyewe: tunavyo vimeng'enya viitwavyo APOBEC, ambavyo kazi yao ya asili ni kupambana na virusi, lakini mara nyingine hugeukia DNA yetu na kushambulia C zilizotanguliwa na T. Na upo uchakavu wa umri tu, unaoendelea polepole tangu tumboni mwa mama, hata kwa mtu ambaye hajawahi kugusa sigara wala kuchomwa na jua. Yote hayo huacha makovu, na kovu la DNA likishapita kwenye mgawanyiko wa seli halifutiki. Seli hurithishana.

Tutazame kovu moja kwa karibu. Kwenye skrini kuna vipande vya DNA vilivyosomwa na mashine, kila kimoja mstari mwembamba wa kijivu wenye herufi 150 hivi, vimepangwa kimoja chini ya kingine mahali vinapolingana na jenomu ya kumbukumbu, yaani ile ya kulinganishia. Penye herufi inayolingana hapana rangi. Penye herufi ngeni panawaka: T nyekundu, A kijani, C bluu, G rangi ya chungwa. Tuseme mahali hapa pamesomwa mara 40, na mara 17 kati ya hizo panawaka nyekundu. T imekaa palipostahili C. Chini yake imewekwa DNA ya damu ya mgonjwa huyohuyo, imesomwa mara 38, zote C. Anayejifunza kazi atafurahi: badiliko limepatikana, mgonjwa hakuzaliwa nalo, limeingia ukubwani na limo kwenye uvimbe. Fundi hafurahi bado. Hizo T zimetoka kwenye nyuzi zote mbili za DNA, au upande mmoja tu? Zimetapakaa katikati ya vipande, au zote ziko mwishoni, ambako usomaji wa mashine hufifia na makosa huongezeka? Je, eneo hili linafanana mno na eneo jingine la jenomu, kiasi kwamba vipande vimewekwa pasipo pao? Damu nayo ilikuwa safi, au seli chache za uvimbe zilichanganyika humo? Siku hizi maswali hayo huulizwa na programu, kwa mamilioni ya mahali, usiku mmoja. Lakini kila swali lililomo ndani ya programu liliwekwa na mtu aliyewahi kudanganywa na data, akakataa kudanganywa mara ya pili.

Badiliko likishathibitishwa, huandikwa pamoja na jirani zake wawili, herufi ya kushoto na herufi ya kulia. Kwa kuwa C hushikana daima na G katika uzi wa pili, na A na T, mabadiliko yote ya herufi moja hujikusanya kuwa aina 6. Jirani wa kushoto anaweza kuwa mmoja wa wanne, wa kulia vilevile. Sita mara nne mara nne ni 96. Uvimbe mzima uliokuwa na makovu maelfu sasa umekuwa safu ya namba 96, na kila namba husema kovu la aina fulani limeonekana mara ngapi.

Kazi ngumu huanzia hapo, kwa sababu hakuna saratani yenye mchakazaji mmoja. Mvutaji wa sigara naye alizeeka, APOBEC zake nazo zilifanya vurugu, na pengine alikuwa mnywaji. Makovu yote yamerundikana kwenye safu moja. Fikiria mtu ambaye hajawahi kuambiwa viungo vya pilau ni vipi wala vinaitwaje. Anaonjeshwa sufuria mia, zimepikwa na watu mia, kila mmoja kwa vipimo vyake. Huyu kazidisha karafuu, yule iliki, mwingine hakutia mdalasini kabisa. Sufuria moja haimfundishi kitu. Mia zinamfundisha, kwa sababu ladha ya karafuu hupanda na kushuka yote kwa pamoja kutoka sufuria hadi sufuria, na ya iliki hufuata mwendo wake. Akiwa na subira atafika mahali pa kusema: humu kuna viungo vitano, ladha ya kila kimoja ni hii, na sufuria ya tatu imetiwa kiasi hiki cha kila kimoja. Na lipo sharti moja linalomsaidia kuliko yote: hakuna mpishi anayeweza kutia karafuu pungufu ya sifuri.

Katika hisabati, kazi hiyo ni kugawanya jedwali moja kubwa kuwa majedwali mawili madogo yasiyo na namba hasi hata moja, ambayo yakizidishwa hulirudisha lile kubwa kwa ukaribu unaoridhisha. Njia hiyo haikubuniwa kwa ajili ya saratani. Pentti Paatero na Unto Tapper wa Finland waliiandika mwaka 1994. Miaka mitano baadaye Daniel Lee na Sebastian Seung waliipa picha za nyuso za watu, bila kuiambia uso ni nini, na yenyewe ikazitenga pua, macho na midomo. Ludmil Alexandrov, wakati huo akisomea shahada ya uzamivu Hinxton chini ya Mike Stratton, ndiye aliyeona kwamba kinachoweza kutenga pua na mdomo kinaweza kutenga sigara na jua. Nawasifu watu wa namna hiyo: aliyebuni chombo bila kujua kitafika wapi, na aliyekitambua kilipokuwa kimelala kwenye kazi nyingine kabisa.

Mwaka 2012 kundi la Stratton lilichapisha matokeo ya saratani 21 za titi, zenye mabadiliko 183,916, wakatenga humo alama tano, yaani mitindo mitano ya makovu. Mwaka uliofuata walileta mabadiliko 4,938,362 kutoka saratani 7,042 za aina mbalimbali, na alama zikazidi 20. Kufikia 2020 mabadiliko yaliyochambuliwa yalikuwa zaidi ya milioni 84, na alama za herufi moja pekee zilikuwa 49. Jambo linalonipa heshima kubwa kwa kazi hii limo ndani ya orodha yenyewe. Kila alama ina namba yake, na mbele ya namba huandikwa chanzo: jua, tumbaku, umri, hitilafu ya kurekebisha DNA. Mbele ya nyingi imeandikwa kwamba chanzo hakijulikani. Wangeweza kukisia. Kila kisio lingepata wa kulishangilia. Wameacha pengo mahali palipo na pengo.

Kompyuta haitaji jina la mhalifu. Hutenga ladha, ikasema ladha hii ipo na imejitenga na nyingine. Kuitafutia jina ni safari nyingine, na mara nyingi huanzia mbali na kompyuta. Sumukuvu ni mfano mzuri. Mwaka 1991 makundi mawili ya watafiti yalikuta kwamba saratani za ini za watu wa Qidong nchini Uchina na za kusini mwa Afrika zina badiliko lilelile moja, G kuwa T, mahali palepale pamoja ndani ya jeni iitwayo TP53, na sehemu zote hizo mbili watu walikula nafaka zenye sumukuvu. Hilo lilikuwa kovu moja mahali pamoja. Miaka mingi baadaye wakaziweka seli hai kwenye sumukuvu maabara, wakawapa panya, wakasoma jenomu nzima, kisha wakalinganisha na saratani za ini za wagonjwa: mtindo ulikuwa mmoja, kuanzia kwenye chupa ya maabara hadi kwenye ini la mtu. Hapo ndipo jina likaandikwa. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa uzito wa jina hilo. Mwaka 2004 mahindi yaliyoota ukungu yaliwatia sumu watu 317 huko Makueni, Kitui na maeneo ya jirani, na 125 walikufa. Hao ni walioonekana, waliougua mara moja. Aliyekula kidogo kidogo kwa miaka hana siku ya kuugua inayoweza kuandikwa kwenye daftari, ila ini lake huiandika.

Alama nyingine ilipata jina lake kwa njia ya mmea. Katika vijiji vya mabonde ya vijito vya mto Danube, watu waliugua figo kizazi baada ya kizazi, na wengi wakapata saratani kwenye njia ya mkojo. Huko Ubelgiji, miaka ya mwanzo ya 1990, wanawake waliotumia dawa za mitishamba za kupunguza unene waliharibikiwa figo. Kilichowaunganisha ni jamii ya mimea iitwayo Aristolochia, ambayo mbegu zake zilichanganyika na ngano mashambani kule Danube, na mizizi yake ikaingia kwenye vidonge kule Ubelgiji. Asidi ya mmea huo hugeuza A kuwa T kwa mtindo ambao hauna mwingine wa kufanana nao. Alama yake ilipojulikana, wakaanza kuiona hata pale ambapo hakuna aliyeishuku, kwenye saratani za ini za Taiwan na kwingineko Asia. Mgonjwa anaweza kuwa amesahau dawa aliyokunywa miaka 20 iliyopita. Seli zake hazijasahau.

Kuna watakaouliza mgonjwa aliyelala kitandani ananufaikaje na makovu kuhesabiwa. Anayo sehemu yake. Wanawake wenye hitilafu kwenye jeni za BRCA1 na BRCA2 hushindwa kurekebisha DNA iliyokatika, na uvimbe wao hubeba alama ya kushindwa huko. Mwaka 2017 watafiti walitengeneza kipimo kinachosoma alama hizo, kikawabaini hata wagonjwa ambao uchunguzi wa kawaida wa jeni haukuona kasoro. Zipo dawa zinazoua seli zenye udhaifu huo hasa. Mhesabu, pasipo kumgusa mgonjwa, anaweza kumwambia daktari kwamba uvimbe huu una mlango uliolegea upande huu.

Sasa niseme kuhusu udanganyifu wa data, kwa sababu hapo ndipo fundi hujulikana. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyokuta mabadiliko mengi ya C kuwa A kwenye sampuli, yakiwa na mtindo thabiti kama alama ya kweli. Hayakuwa ya wagonjwa. Yalizaliwa maabara, pale DNA ilipokatwakatwa kwa mawimbi ya sauti ili iingie kwenye mashine, na oksijeni ikaziharibu G njiani. Programu inayotenga alama ingeyatenga na kuyapa namba, maana kwake kovu ni kovu. Fomalini nayo ina makosa yake. Hospitali zetu nyingi huhifadhi kinyama cha mgonjwa kwenye fomalini kisha kwenye kitalu cha parafini, na kinakaa kabatini kwa miaka. Fomalini huharibu C zikasomwa T. Anayeichukua sampuli hiyo bila kujua ilivyotunzwa atasoma historia ya kabati akidhani ni historia ya mtu. Ndiyo maana mhesabu mzuri huuliza maswali ya patholojia: kinyama kilikaa muda gani kabla ya kuwekwa kwenye fomalini, fomalini ilikuwa ya kiwango gani, kitalu kina umri gani.

Na yupo adui mwingine wa siri zaidi, ambaye ni idadi ya alama. Programu haijui kuna viungo vingapi kwenye pilau. Ukiiambia vitano itakupa vitano. Ukiiambia tisa itakupa tisa, na vinne vya ziada vitakuwa vipande vya vile vya kweli vilivyokatwa. Mafundi huiendesha tena na tena, kila mara wakianzia mahali tofauti na kuitikisa data kidogo, wakitazama ni alama zipi zinarudi zilezile na zipi huyeyuka. Inayoyeyuka huachwa, hata kama ingeleta habari ya kusisimua.

Nafika sasa kwenye kazi iliyonifanya niandike insha hii. Ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, una saratani ya umio kwa wingi usiolingana na sehemu nyingine za bara. Anayeishi Bomet au Kilimanjaro anamjua mtu aliyeanza kwa kushindwa kumeza ugali, kisha uji, kisha maji. Wengine huugua wakiwa bado vijana wa kulea watoto wadogo. Kwa nini huku? Washukiwa ni wengi: chai inayonywewa ikiwa ya moto sana, moshi wa kuni jikoni, pombe za kienyeji, udongo unaotafunwa na wajawazito, maziwa ya mursik yanayotunzwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Kwa mradi uitwao ESCCAPE, wagonjwa na wasio wagonjwa wa Eldoret, Moshi na Blantyre walihojiwa kuhusu maisha yao kwa undani.

Likaja wazo: kama kuna sumu ya nje inayosababisha haya, huenda imeacha alama. Watafiti wakakusanya saratani 552 za umio kutoka nchi 8: Kenya, Tanzania na Malawi, Iran na Uchina ambako nako kuna maeneo yenye ugonjwa huu kwa wingi, pamoja na Brazili, Japani na Uingereza. Wakasoma jenomu zote nzima, wakahesabu, wakatenga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Mitindo ya makovu ilifanana katika nchi zote. Tumbaku, pombe na afyuni ziliacha dalili zake, lakini kwa kiasi kidogo. Zile APOBEC za mwili zilionekana karibu kila mahali, takriban saratani 9 kati ya 10, zikibeba kwa wastani robo ya makovu yote. Alama ya sumu ya nje inayoweza kueleza kwa nini watu wa Eldoret wanaugua kuliko watu wa London haikuwepo.

Nimewasikia watu wakiuita utafiti kama huo kazi bure. Mimi nauona kuwa miongoni mwa kazi za heshima zaidi zilizowahi kufanywa juu ya ugonjwa wetu. Fikiria njia nyepesi iliyokuwa mbele yao. Wana data ya nchi 8, wana orodha ya washukiwa, wana programu inayoweza kulazimishwa kutoa alama ya ziada. Alama moja dhaifu ingetosha kutangaza kwamba kibuyu cha mama wa Kikalenjin ndicho kinachoua, na vibuyu vingevunjwa kuanzia Kericho hadi Kapsabet kwa kosa ambalo havikufanya. Hesabu iliyofanywa kwa uaminifu ilimkinga mama huyo, angalau mpaka ushahidi wa kweli upatikane, kama upo.

Tena jibu lile lilifungua mlango. Mwaka 1947 Isaac Berenblum na Philippe Shubik walionyesha kwa panya kwamba saratani ya ngozi inaweza kuhitaji mambo mawili: kitu cha kuandika kosa kwenye seli, na kitu kingine, kwao mafuta ya kroton, cha kuichokoza seli ile mpaka iote. Hicho cha pili hakiandiki chochote. Mwaka 2023 watafiti walitoa ushahidi kwamba hewa chafu huchochea saratani ya mapafu kwa njia hiyohiyo, kwa kuamsha mchochota unaoziamsha seli ambazo tayari zina kosa. Na umio wa mtu mzima mwenye afya, tulishajua tangu 2018, umejaa mabaka ya seli zenye makosa. Katika umri wa makamo mabaka hayo huweza kufunika zaidi ya nusu ya ngozi yake ya ndani. Ukiyaweka haya pamoja, chai ya moto hurudi mezani kwa sura mpya. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi joto 65 miongoni mwa vitu ambavyo yamkini husababisha saratani. Joto halibadilishi herufi kwa mtindo wake maalumu. Linaunguza, seli zinakufa, nyingine zinalazimika kugawanyika ili kuziba pengo, kila siku, miaka nenda miaka rudi. Wanaotafuta chanzo cha ugonjwa wetu sasa wanajua waulize ni nini kinachouchokoza umio.

Wala isidhaniwe kwamba mbinu hii ni butu inapopelekwa nchi nyingi. Kundi hilohilo la watafiti lilifanya kazi ya namna ile kwa saratani 962 za figo kutoka nchi 11, likachapisha mwaka 2024. Safari hii nchi zilitofautiana waziwazi. Alama ya Aristolochia ilikuwa kwenye saratani nyingi za Romania, Serbia na Thailand. Na Japani ilikuwa na alama yake ya pekee, katika zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa, ambayo kwingineko haikufika asilimia 2. Chanzo chake hakijulikani. Huenda kuna kitu kinachowagusa Wajapani wengi, kinapita kwenye figo zao na kuandika mtindo wake, na hakuna aliyekuwa na habari nacho mpaka mtu alipozitenga namba.

Ufundi huu una deni kwetu, na sisi tuna kazi ndani yake. Jenomu ya kumbukumbu ambayo vipande vyote hupangwa juu yake ilitokana zaidi na watu waliojitolea Marekani. Hazina za tofauti za kawaida za DNA, zinazotumika kuamua kipi ni cha kuzaliwa na kipi ni kovu, zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, ilhali Waafrika ndio wenye tofauti nyingi kuliko watu wote duniani. Mgonjwa wetu akisomwa uvimbe peke yake, bila damu yake kuwekwa pembeni, herufi alizorithi kwa babu yake, ambazo hazimo kwenye hazina yoyote, huhesabiwa kuwa mabadiliko ya saratani. Uvimbe utaonekana umejeruhiwa kuliko ulivyo, na zipo dawa za kinga ya mwili ambazo uamuzi wa kuzitoa hutegemea idadi hiyo. Kwa hiyo damu ichukuliwe, kila mara, hata bajeti ikibana. Na kwenye meza ya hesabu akae mtu anayejua kwamba Mhadzabe, Mmakonde na Mswahili wa Lamu hawana historia moja ya DNA.

Watu hao wameanza kupatikana. Mradi wa H3Africa, ulioanza mwaka 2012, ulijenga mtandao wa kufundisha bioinfomatiki katika nchi nyingi za bara hili. Makerere wanafundisha, na Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi nacho kinafundisha shahada ya uzamili ya fani hiyo, umbali mfupi kutoka ufukweni. Kazi iliyo mbele ya wanafunzi hao haihitaji kutafutwa. Kuna saratani za ini za Ukambani, ambako sumukuvu imekuwa ikirudi tangu kabla hawajazaliwa. Kuna saratani za ngozi za Watanzania wenye ualbino, wanaokufa kwa jua wakiwa vijana, na kila kovu lao ni hoja ya kuwapatia mafuta ya kinga na kofia pana mapema zaidi. Kuna vitalu vya parafini kwenye makabati ya patholojia, vyenye majina ya watu waliokwisha kufa, ambavyo vikisomwa kwa uangalifu unaostahili bado vinaweza kueleza walichoishi nacho. Na kuna umio wa watu wazima wa Bomet wasio na ugonjwa wowote, wenye mabaka yao tayari, ambao haujahesabiwa vya kutosha na mtu yeyote.